Maswali ya Wasomaji: Je, Ni Damu ya Ukoo Inayompunguzia Dada Yangu Wepesi wa Akili?

Mwezi huu safu yetu ya afya imepokea barua tatu kutoka Mombasa, zote zikihusu ugonjwa mmoja ambao haujazoeleka sana katika pwani yetu. Ya kwanza ni ndefu na imestahili jibu refu.

SWALI

Kwako Daktari, salamu sana, na baada ya salamu naomba unisaidie katika jambo lililozua mgawanyiko nyumbani kwetu hapa Kibokoni. Dada yangu, mwenye umri wa miaka 29, aliamka asubuhi moja mwaka jana jicho lake la kushoto likiwa na ukungu, na kila alipoligeuza lilimuuma. Jicho lilipopata nafuu baada ya wiki kadhaa tulidhani yamekwisha, lakini miezi minne baadaye miguu yake ilianza kufa ganzi, na picha ya MRI pamoja na kipimo cha maji ya uti wa mgongo vikaonyesha kwamba ana ugonjwa wa multipo sklerosisi, ambao madaktari huuita MS.

Anatembea vizuri, na asiyemjua hawezi kudhani kwamba ni mgonjwa. Kinachotutia hofu ni akili yake. Yeye ni karani wa hesabu katika kampuni ya uwakala wa forodha, na tangu utotoni sisi ndugu zake tulikuwa tukimtegemea kwa hesabu za kichwa. Siku hizi hurudia safu moja ya tarakimu mara tatu, husahau kilichompeleka jikoni, na watu wakiwa wengi sebuleni hukaa kimya kwa kuwa, asema, maneno humpita kabla hajayashika. Shangazi yetu anashikilia kwamba hiyo ni damu ya upande wa mama, maana bibi yetu alipozeeka alisahau hata majina ya wanawe. Mjomba naye anasema ni kwa kuwa wazazi wetu ni binamu. Jamaa yetu aliyeko Uingereza anataka sote tuteme mate ndani ya vichupa tuyapeleke yakapimwe jeni. Je, ni kweli kwamba jeni ndizo zinazompunguzia akili mapema hivi? Na kupima kuna faida gani?

Kaka wa mgonjwa, Kibokoni

JIBU

Wa kwanza kusadikiwa katika habari hii, kaka, ni dada yako mwenyewe. Anaposema kwamba maneno humpita kabla hajayashika hatoi udhuru. Anaeleza kwa usahihi kile ambacho vipimo huonyesha kwa wagonjwa wengi wa MS, kwamba kinachoguswa mwanzo si busara wala maarifa aliyokwisha kuyapata mtu, bali ni kasi ya kuyapokea na kuyapanga mambo, pamoja na uwezo wa kuyaweka mambo mapya katika kumbukumbu. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, aliyeueleza ugonjwa huu mjini Paris mwaka 1868, alikwisha kutaja udhaifu wa kumbukumbu na uzito wa kufikiri miongoni mwa dalili zake. Waliomfuata, kwa muda mrefu mno, waliangalia zaidi miguu na macho, labda kwa sababu mguu unaoburutwa huonwa na kila mpita njia ilhali fikira inayochelewa huijua mwenyewe na wale anaoishi nao. Leo inakubalika kwamba katika kila wagonjwa 100, baina ya 40 na 65 hupata upungufu wa namna hii wakati mmoja au mwingine, na wala hausubiri uzee wa ugonjwa. Nchini Norway, ambako vijana wa kiume walikuwa wakipimwa akili wanapoandikishwa jeshini, watafiti walizifukua alama hizo za zamani na kuwalinganisha waliokuja kuugua MS na wenzao waliobaki wazima. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba wale ambao dalili zao za kwanza zilijitokeza ndani ya miaka miwili baada ya kupimwa walikuwa tayari wamepitwa na wenzao, siku ambayo hawakujua kwamba wana ugonjwa wowote.

Yanayotokea ndani ni haya. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuishambulia mielini, yaani utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva na kuziwezesha kupeleka ujumbe kwa haraka. Utando ukichubuka ujumbe hupungua mwendo, na nyuzi zenyewe zikidhurika baadhi ya ujumbe haufiki kabisa. Mtu wa Mombasa hahitaji mfano wa mbali. Feri moja ya Likoni inapotolewa kwa matengenezo watu hawaachi kuvuka, lakini foleni hurefuka, na upungufu huo hudhihirika zaidi saa ya msongamano kuliko saa ya utulivu. Ndiyo maana dada yako akiwa na mtu mmoja faraghani huzungumza kama zamani, na wakiwa sita sebuleni hunyamaza.

Sasa tuje kwenye jeni. Nyumbani kwenu maswali mawili yamefungwa katika kitambaa kimoja, nami naomba kukifungua. La kwanza ni kama jeni huchangia mtu kuupata ugonjwa huu. La pili ni kama jeni huamua akili ya aliyekwisha kuupata itakwendaje katika miaka ya mwanzo. Swali la kwanza lina majibu mengi yaliyothibitika. La pili lina majibu machache, na mengi ya hayo machache yanapingana.

Kuhusu kuupata ugonjwa, tangu mwaka 1972 inajulikana kwamba kundi la jeni liitwalo HLA, lililomo katika kromosomu ya 6 (kromosomu ni vifurushi vinavyobeba jeni ndani ya seli), lina mkono wake. Jeni moja huweza kuwa na sura mbalimbali kwa watu mbalimbali, na sura moja ya jeni za kundi hilo, inayoandikwa DRB1*15:01, huufanya uwezekano wa kuugua kuwa takriban mara tatu ya ule wa mtu asiyekuwa nayo. Nyingine zote zina nguvu ndogo sana. Kufikia mwaka 2019 watafiti wa nchi nyingi walioshirikiana walikuwa wamezitambua sehemu zaidi ya 200 za vinasaba zinazohusiana na MS, kila moja ikiongeza chembe tu, haba na haba, na nyingi kati yao zikifanya kazi katika seli za kinga. Hata hivyo kibaba hakijazwi na jeni peke yake. Pacha wa kufanana kabisa wana jeni zile zile, lakini utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mmoja akiwa na MS, mwenzake naye huupata katika takriban jozi moja kwa kila nne. Zilizobaki tatu, damu ni moja na ugonjwa ni wa mmoja. Kilichobaki kinatoka nje: uvutaji wa sigara, unene wa kupita kiasi katika ujana, upungufu wa vitamini D, na juu ya yote virusi vya Epstein-Barr. Mwaka 2022 watafiti waliofuatilia kumbukumbu za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10 walionyesha kwamba uwezekano wa kupata MS huongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi hivyo. Lakini karibu watu wazima wote duniani wamewahi kuambukizwa, na wengi mno hawaugui.

Mjomba nampa heshima yake, ila jambo analolieleza ni la ugonjwa mwingine. Sisi watu wa pwani tunaujua vyema ugonjwa wa selimundu, ambao mtoto huupata akirithi jeni moja yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine ya aina hiyo hiyo kutoka kwa mama. Kwa magonjwa ya namna hiyo, ndoa ya binamu huongeza uwezekano, kwa kuwa wawili hao huenda wakawa wamebeba kasoro moja waliyoirithi kwa babu mmoja. MS haina jeni moja ya kurithiwa kwa pande mbili. Hakuna sababu ya kuwatia wazazi wenu hatiani kwa ndoa yao, na ningeshauri maneno hayo yasirudiwe mbele ya mama.

Shangazi naye amekosea kujibu, lakini hakukosea kuuliza. Usahaulifu wa bibi yenu katika uzee na uzito wa dada yenu akiwa na miaka 29 ni mambo mawili tofauti kwa chanzo, kwa umri na hata kwa sura yake, kwa maana mzee wa aina hiyo hupoteza hata kilichokwisha kuhifadhiwa, ilhali dada yenu huchelewa kukihifadhi. Hata hivyo watafiti wenyewe waliwahi kuwaza kama shangazi. Jeni iitwayo APOE, iliyomo katika kromosomu ya 19, ina sura tatu, na mwaka 1993 ilibainika kwamba wenye sura ya e4 hupatwa zaidi na ugonjwa wa Alzheimer uzeeni. Ikaulizwa: kama e4 hudhoofisha ubongo wa mzee, je, haiwezi kudhoofisha pia ubongo wa kijana uliojeruhiwa na MS? Baadhi ya waliochunguza walisema ndiyo, wengine wakasema sivyo. Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani waliwaangalia mamia ya wagonjwa waliokuwa katika hatua za mwanzo kabisa, ambayo ndiyo hali ya dada yako, na hawakuona kwamba wenye e4 walikuwa nyuma ya wenzao katika vipimo vya akili. Na hata kwa Alzheimer yenyewe, uhusiano huo umeonekana kuwa dhaifu zaidi kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, kuliko kwa Wazungu, jambo linaloonyesha kwamba sura ile ile ya jeni haisemi maneno yale yale katika kila kabila.

Jeni ya pili iliyofuatiliwa sana ni BDNF, ya kromosomu ya 11. Hutengeneza protini inayozistawisha seli za neva na kuzisaidia kuungana, na mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba badiliko dogo mahali pa 66 katika protini hiyo lina athari katika kumbukumbu za watu wazima wasio na ugonjwa wowote. Ilitarajiwa basi kwamba wenye badiliko hilo wakiugua MS wangeumia zaidi. Kwa mshangao wa wengi, baadhi ya ripoti zikasema kinyume, kwamba ubongo wao husinyaa kidogo kuliko wa wengine, kana kwamba badiliko hilo ni kinga. Ripoti nyingine zikasema ni hasara. Na nyingine hazikuona tofauti. Hata ile DRB1*15 ya mwanzo iliripotiwa mwaka 2009 kuhusiana na alama za chini za akili na madoa mengi zaidi, yaani mahali palipojeruhiwa, katika picha za MRI, lakini haijawa mizani ambayo daktari anaweza kumpimia mgonjwa mmoja mmoja.

Kwa nini ripoti zipingane hivi? Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni ya aibu kidogo kwa fani yetu. Nyingi ya tafiti hizo zilikuwa na wagonjwa wachache, zikachagua jeni moja iliyokuwa ikivuma, na kuulizia akili kwa vipimo visivyofanana. Akili ya mtu haibebwi na jeni moja hata katika afya. Hubebwa na maelfu ya tofauti ndogo ndogo pamoja na shule, malezi, lishe na usingizi. Ukimtazama mgonjwa wa mwaka wa kwanza, sehemu kubwa ya alama anazopata ni akili aliyoingia nayo katika ugonjwa, na sehemu ndogo tu ni ile iliyokwisha kuliwa. Kuitafuta athari ya jeni moja katika hiyo sehemu ndogo, kwa wagonjwa 80 au 100, ni kama kutaka kusikia mnong'ono sokoni Marikiti mkesha wa Idi.

Utafiti wenye uzito zaidi ulitoka mwaka 2023, na ulikusanya wagonjwa zaidi ya 22,000. Humo ilipatikana sehemu moja ya vinasaba, baina ya jeni za DYSF na ZNF638, ambayo waliorithi sura yake mbaya kwa baba na kwa mama walihitaji mkongojo au msaada mwingine wa kutembea mapema kwa takriban miaka 3.7 kuliko wasiokuwa nayo. Linalonivutia ni kwamba tofauti zilizohusiana na ukali wa ugonjwa zilielekea kwenye jeni zinazofanya kazi ndani ya ubongo wenyewe, si katika kinga. Maana yake ni kwamba jeni zinazoleta ugonjwa na zile zinazoamua jinsi ubongo unavyouvumilia huenda zikawa makundi mawili tofauti. Utafiti huo huo ulidokeza pia kwamba elimu ya miaka mingi huenda ikawa kinga. Lakini tazama mipaka yake: uliopimwa ni ulemavu wa mwili, hasa mwendo, na wagonjwa walikuwa wenye asili ya Ulaya.

Hapo ndipo nilipo na shaka kubwa kuhusu vile vichupa vya mate. Sura ya DRB1*15:01 ni adimu kwa watu wa asili ya Afrika, ambao mara nyingi huwa na dada yake, DRB1*15:03. Nasi wa pwani ni mchanganyiko wa pekee: uchunguzi wa mifupa ya kale kutoka Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba mababu zetu wa zama za kati walitokana kwa sehemu kubwa na mama wa Kiafrika na baba wa Kiajemi, na baadaye Waarabu wakaongezeka. Majedwali yaliyotungwa kwa damu ya Ulaya hayawezi kusomwa moja kwa moja juu ya familia ya Kibokoni. Vipimo vinavyouzwa mtandaoni vitawaambia nani ana e4, na huenda mama yenu akalala macho mwezi mzima kwa herufi moja na tarakimu moja ambayo, kwa hali ya dada yako, haibadilishi dawa hata moja. Fedha hizo ziwekeni kwa ajili ya picha ya MRI ya kurudia.

Linaloweza kubadilika ni haya. Muombe daktari wake wa neva ampime akili sasa, ili pawe na alama ya kuanzia, kisha arudie kila mwaka. Huo ndio ushauri uliotolewa na wataalamu wa MS mwaka 2018. Aulizwe kwa upole kuhusu huzuni, maana sonona huwapata wagonjwa wa MS kwa wingi na yenyewe hupunguza kasi ya kufikiri, nayo hutibika. Usingizi wake, wingi wa damu, tezi ya shingo na vitamini B12 vichunguzwe. Orodha ya dawa zake ipitiwe, kwa kuwa baadhi ya dawa za kutuliza kibofu hufifisha kumbukumbu, na mara nyingi mgonjwa huandikiwa na daktari mmoja bila mwingine kujua. Zaidi ya yote, kama hajaanzishiwa dawa za kuzuia mashambulizi, asisubiri kwa kuwa anatembea vizuri. Kila doa jipya linalozuiwa ni uzi wa neva uliosalimika. Kazini naye aombe kukaa pahali penye utulivu na kufanya hesabu asubuhi, jambo moja kwa wakati mmoja. Akifanya hivyo huenda mwajiri asione tofauti yoyote.

SWALI

Daktari, mimi ni mama wa Likoni. Binti yangu ana MS, ameolewa, na sasa ni mjamzito. Upande wa mume wanauliza kama mtoto atazaliwa na ugonjwa huu na kama atakuwa mzito wa akili. Nijibu kwa ufupi ili niwasomee.

JIBU

Mama, wasomee hivi. Mtoto hazaliwi na MS. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako ugonjwa huu ni mwingi, katika kila watoto 100 wa mzazi mmoja mwenye MS wapatao kuugua ukubwani ni kama wawili au watatu, waliobaki hawaugui. Ama uzito wa akili, huo huletwa na madoa yaliyomo katika ubongo wa mgonjwa, na mtoto hawezi kuyarithi madoa hayo kama asivyorithi kovu la moto lililoko mkononi mwa mamake.

Ninalotaka mkwe wako alisikie zaidi ni jingine. Mashambulizi ya MS hupungua katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kisha huongezeka katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Hiyo ndiyo miezi ya kumsaidia kubeba mtoto usiku. Dawa zake asiziache wala asiziendeleze kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu baadhi hazifai kwa mimba na nyingine huruhusiwa. Azungumze na daktari wake wiki hii.

SWALI

Assalaam alaykum Daktari. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya upili upande wa Kisauni, na nimeishi na MS kwa miaka mitatu. Mwezi wa Agosti nilifanyiwa kile kipimo cha kulinganisha alama na tarakimu nikapata 58. Nilirudia mwezi wa Februari, saa nane mchana, katika chumba ambacho feni yake ilikuwa mbovu, nikapata 51. Je, ubongo wangu umeshuka kiasi hicho kwa miezi sita? Na je, kusoma kwangu kote hakukunifaa chochote?

JIBU

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kipimo hicho ni cha sekunde 90: mbele ya mtu huwekwa ufunguo wenye alama tisa, kila moja na tarakimu yake, naye hutakiwa kutaja tarakimu za safu ndefu ya alama zilizochanganywa, kwa kasi awezavyo. Ni kifupi, ni rahisi, na kwa MS kimeonekana kuwa chepesi kushika upungufu wa kasi kuliko vipimo vingi virefu. Kushuka kwa alama nne huchukuliwa kuwa jambo la kuangaliwa, kwa hiyo saba si za kupuuzwa. Lakini kipimo hulinganishwa na kipimo pale tu hali mbili zinapofanana, na zako hazikufanana hata kidogo.

Daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff alieleza mwaka 1890 jinsi wagonjwa wake walivyofifia macho wakifanya kazi ya kutoa jasho, kisha wakarudi kuona walipopumzika. Uzi wa neva uliochubuka hupitisha ujumbe kwa taabu, na mwili ukipata joto hata la nusu digrii taabu hiyo huzidi. Haijeruhi upya, joto likishuka hali hurejea. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hali hiyo huigusa akili pia: siku za joto wagonjwa wa MS walipata alama za chini katika vipimo vya kufikiri, ilhali watu wasio na ugonjwa hawakubadilika. Wewe ulipimwa kusi likivuma, kisha ukapimwa kaskazi, saa ya jua kali, bila feni. Sijui mtu wa Mombasa ambaye akili yake huwa timamu saa nane ya mchana wa Februari, lakini kwako joto hilo lilikuwa na uzito wa ziada. Kabla ya kurudia kipimo pimwa mkojo, kwa sababu maambukizi ya kibofu yasiyo na maumivu huweza kupandisha joto la mwili na kuleta uzito ule ule.

Ama kusoma kwako, kumekufaa zaidi ya unavyodhani. Imeonekana tena na tena kwamba wagonjwa wawili wakiwa na madoa ya kiasi kimoja, yule mwenye msamiati mpana, aliyesoma na kuushughulisha ubongo wake kwa miaka mingi, hupungukiwa kidogo kuliko mwenziwe. Madoa ni yale yale, ila ubongo wake una njia nyingi za kuzungukia. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, mwenye gari aliyekuta foleni Likoni haachi safari ya Diani. Huzunguka na kufika. Wapo watakaokuambia kwamba hata hiyo akiba ni ya jeni, kwa kuwa wepesi wa kusoma nao hurithiwa kwa kiasi fulani, nami siwapingi. Lakini ada ya shule uliyolipiwa, vitabu ulivyosoma na miaka uliyofundisha havimo katika kromosomu yoyote. Tena akiba hiyo huendelea kuwekwa: mazoezi ya mwili ya mara kwa mara, kusoma, kujifunza jambo geni, bao na karata na watu wanaokushinda, vyote vina nafasi. Sigara, kama unavuta, iache.

Omba kurudiwa kipimo kabla ya saa nne asubuhi, ukiwa umelala vizuri na kunywa maji ya kutosha, na kwa karatasi ya toleo jingine ili usije ukawa umekariri ufunguo. Ukipata tena karibu na 58, suala limekwisha. Ukibaki katika 51, mwambie daktari wako aagize MRI mpya, maana huenda pana mashambulizi yasiyojitokeza mwilini na dawa yako ikahitaji kubadilishwa. Na kila unapopimwa, mwombe muuguzi aandike juu ya karatasi tarehe, saa, na kama feni ilikuwa ikifanya kazi.